Kivuli cha Mama Mkasi

Machi 6

Kitabu hiki cha tarehe ni cha mwaka jana. Tajiri wetu aliletewa vingi na wateja wake, mwaka ulipokwisha akatugawia vilivyobaki. Juu ya ukurasa huu pameandikwa Jumatatu, na leo ni Jumanne. Sijali. Mimi nitafuata tarehe, siku zitajijua zenyewe.

Mvua zimeanza. Karakana yetu ina paa la bati, na mvua ikishika kasi hatusikilizani, tunaongea kwa mikono na macho. Ilipopungua kidogo Mama Mkasi akatuita sote kwenye meza ya kukatia. Akasema mvua hizi zikiisha naye anaondoka, anakwenda kukaa kwa mwanawe. Mguu umemshinda.

Mama Mkasi ndiye mkataji wetu. Hakuna koti wala suruali inayotoka hapa ambayo haikupita kwanza kwenye mkasi wake. Sisi wengine tunashona alichokata yeye. Mguu wake wa kulia ni mfupi tangu utotoni, kwa hiyo akitembea au akisimama huegemea upande. Nilikuja hapa nikiwa msichana asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Nikamtazama, nikataka kuwa yeye. Nikajifunza kuweka chaki nyuma ya sikio kama yeye, kukunja mikono ya blauzi kama yeye, kukaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Hata kusimama nasimama kama yeye. Mzee wa pasi huniita Kivuli cha Mama Mkasi. Hujifanya ananitania, na mimi hujifanya nimekasirika, lakini jina nalipenda.

Sasa meza itabaki bila mtu. Naitaka. Sijamwambia yeyote, basi nakiambia kitabu.

Machi 9

Mvua. Nimeshona bitana kutwa nzima.

Machi 14

Ameletwa mkataji mpya, msichana aliyetoka chuoni. Ana vidole virefu na haraka isiyo na fujo. Mzee wa pasi alimtazama akikata vipande vya suruali, akasema, "Huyu mwepesi jamani!" na jina likamkaa papo hapo. Mwepesi.

Amenisalimia vizuri: "Shikamoo, dada." Shikamoo! Nimeitikia, lakini nilihisi nimezeeshwa mbele za watu. Kisha akasimama kwenye meza ya Mama Mkasi, wima kama mlingoti, akakata koti zima bila kufuta chaki hata mara moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sijapona, nimeugua.

Machi 21

Leo nimemwomba Mama Mkasi nikate koti moja. Hunipa nafasi kila nikiomba, hilo siwezi kulikana. Unakunja kitambaa mara mbili, unapiga chaki, unakata tabaka zote mbili kwa pamoja ili kipande cha kulia na cha kushoto viwe sawa. Nilipiga chaki vizuri. Nilikata taratibu. Nilipotenganisha vipande, cha chini kilikuwa kikubwa kuliko cha juu. Ni yaleyale ya miaka yote.

Mama Mkasi aliviweka kimoja juu ya kingine, akatazama kile kilichozidi, akasema neno lake moja: "Tena."

Nikarudia kwenye kitambaa kingine. Kikazidi tena.

Mzee wa pasi akasema, "Lete hapa, nitakivuta kwa mvuke. Mteja mwenyewe bega moja liko chini, hatajua." Watu wakacheka. Mwepesi hakucheka. Aliinamisha macho, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana nilijua ananionea huruma.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Nimekaa kitandani na nguo mbichi nikitazama mikono yangu. Mama Mkasi hakuzaliwa na mkasi mkononi, najua. Lakini kuna mkono uliopewa na mkono usiopewa, na wangu haukupewa. Afadhali mtu ajue mapema. Kwa upande wangu mapema imeshapita.

Machi 22

Mvua usiku kucha. Ndoo mbili chini ya bati linalovuja.

Machi 30

Mwanangu amerudi kutoka shuleni akiwa amelowa mpaka soksi, anacheka. Mwalimu wao wa darasa anatafuta mwanafunzi wa kusema mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Mwanangu ana sauti. Tangu mdogo, akiita kutoka uani jirani wa tatu anageuka.

"Amekuambia wewe?" nikamuuliza.

"Ametuambia tufikirie. Mimi na yule wa dawati la mbele."

"Yule anayevaa miwani?"

"Ndiye. Ana maneno mengi ya vitabuni."

"Haya. Mfikirie," nikasema, nikaendelea kumenya viazi. Nilikuwa na yangu kichwani.

Aprili 5

Nimemchunguza Mwepesi wiki nzima kama polisi. Nimetafuta kosa. Anachelewa? Hachelewi. Ana majivuno? Hana. Juzi alikosea kola, akasema kwa sauti, "Nimekosea," akachukua kitambaa kingine, basi, yakaisha. Mimi nikikosea kola naibeba mpaka nyumbani nalala nayo.

Nimegundua jambo linalonitia aibu. Kila anapokata vizuri mimi napungua. Hajaninyang'anya kitu, mkono wangu ni uleule wa jana, lakini namtazama na najiona nimefupika. Halafu namtazama Mama Mkasi, napungua tena. Nikimwona fundi wa vifungo anahangaika, narefuka kidogo, kwa muda wa kunywa chai. Maisha gani haya, mtu kujipima kila saa kwa futi za wenzake?

Aprili 12

Leo limetokea jambo, nitaliandika lote.

Mchana wenzangu walikwenda kula. Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka tu ukingoni mwa bati. Mama Mkasi alikuwa amekaa kwenye stuli yake, mguu mfupi ameunyoosha, anausugua. Mimi nilikuwa nafagia vipande chini ya meza. Chini pale kuna vikorokoro vya kila aina, mabaki ya vitambaa, kibao cha zamani, magurudumu ya uzi. Huwa navizungushia ufagio tu.

Akasema, "Acha kufagia. Kaa."

Nikakaa.

"Tajiri ameniachia mimi nichague. Meza hii nimwachie nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja tu, mimi. Nikamtazama yule mama, mikono yake, chaki yake sikioni, nikawaza: nani aliyesimama hapa, na nani atasimama baada yake? Watu watalinganisha. Nikaona vipande vyangu vilivyozidi. Nikamwona Mwepesi wima kama mlingoti.

Nikasema, "Mpe Mwepesi, mama. Mimi si mtu wa mbele. Niache hukuhuku nyuma na cherehani yangu."

Aliacha kusugua mguu. "Ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo."

"Sikukuuliza adabu, mwanangu. Nimekuuliza meza."

"Nimejibu meza, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kusugua mguu. Nikarudi kwenye ufagio wangu. Nilijiona mwema, kusema kweli. Nilijiona mnyenyekevu.

Aprili 13

Nimempigia dada yangu simu nikamsimulia. Nimemrudia neno kwa neno, "Mimi si mtu wa mbele, niache hukuhuku nyuma." Dada akasema, "Una moyo, wewe." Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Mwanangu alikuwa mezani akifanya kazi za shule, kimya.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 23

Imetangazwa. Meza ni ya Mwepesi. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Kisha nikaenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike.

Nililia nini? Nilipewa nikakataa. Si nimeomba mwenyewe? Lakini ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri Mama Mkasi anikatalie, aseme, "Hapana, ni wewe." Nilijishusha ili nipandishwe. Yeye akanisikiliza nilichosema, akanichukulia kama mtu mzima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni Mwepesi alinifuata kwenye cherehani. "Dada, nina jambo. Nilipokuja hapa nilikuogopa wewe kuliko Mama Mkasi."

"Mimi? Ulikula nini siku hiyo?"

"Usinitanie. Ile mishono yako ya kola, chuoni walijaribu kutufundisha tukashindwa. Nilikuwa narudi nayo nyumbani kichwani, nafungua na kushona mpaka vidole vinauma. Nilijua meza itakuwa yako."

Nikamwambia mvua itatukuta, twende.

Aprili 25

Siwezi tena kumchukia, na chuki ilikuwa inanisaidia.

Mei 2

Naandika kabla sijavua viatu.

Mama Mkasi hakuja leo, mguu umevimba kwa baridi. Mwepesi akaamua kusafisha meza yake mpya, juu na chini. Akatoa mabaki ya vitambaa, magurudumu ya uzi, na kile kibao cha zamani. Akaniambia, "Dada, hiki nitupe?"

Mzee wa pasi akaacha pasi yake ikitoa moshi. "Usitupe! We msichana! Hicho ndicho mguu wa Mama."

"Mguu gani?"

"Anasimamia. Mguu wake mfupi anauweka hapo anapokata. Vinginevyo atakataje akiwa amepinda? Mkasi ukilala upande, tabaka la chini linatoka kubwa. Hata mimi mpiga pasi najua."

Nilikichukua. Ni kipande cha mbao nzito, na juu kimelika kwa umbo la unyayo, kimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kitambaa huning'inia mbele ya meza hadi karibu na sakafu. Sisi tulio upande wa pili tunamwona kuanzia kiunoni. Nimefagia kando ya kibao hiki miaka yote. Nilidhani ni kipande cha mguu wa meza.

Mama Mkasi akikata huwa amesimama wima.

Huegemea akitembea. Huegemea akingoja, akisema nasi, akinywa chai. Nilichukua kuegemea kule nikakupeleka mezani, mimi mwenye miguu miwili iliyo sawa. Kuna msemo kuhusu anayemwiga tembo, sitaumalizia, mtoto anaweza kusoma humu.

Walipokwenda kula nilichukua masalio ya kitambaa, nikayakunja mara mbili. Nikaisukuma miguu yangu sakafuni, yote miwili. Ilikuwa kazi! Nyonga yangu ilitaka kwenda kulekule ilikozoea, ikabidi niirudishe kama mbuzi mkaidi. Nikakata. Nikatenganisha.

Vilikuwa sawa.

Nikakata vingine. Sawa. Nikaviweka kwenye mwanga wa dirisha, kimoja juu ya kingine, nikatafuta kilichozidi, sikukiona. Nilikaa chini sakafuni kati ya vipande. Sikuwa na furaha. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Mei 3

Kwa nini hakuniambia?

Mei 4

Kwa nini hakuniambia? Aliona. Mkono wake unaona kasoro ya unene wa uzi, asione mtu mzima amepinda mbele yake?

Mei 6

Nimekutana na mwalimu wa mwanangu sokoni, tumejibanza chini ya turubai moja tukingoja mvua ipungue. Akasema, "Pole, mama. Nilitamani sana awe yeye."

"Awe nani?"

"Binti yako. Wa kusema siku ya kufunga. Nilimchagua, akakataa. Nikampa yule wa miwani."

"Alikataa? Alisemaje?"

Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Maneno ya kiutu uzima kabisa. Alisema, 'Mimi si mtu wa mbele, mwalimu. Niache hukuhuku nyuma.'"

Sikungoja mvua. Niliondoka nikitembea ndani yake. Mtu mmoja aliniita, mama, utaugua, sikugeuka.

Nilipofika mwanangu alikuwa amesimama dirishani akitazama maji yanavyopita uani. Uzito wote ameutupa mguu wa kushoto. Nyonga imetoka, bega moja liko chini. Mtoto mzima wa afya, hana hata kovu mguuni.

Hiyo ni ya nani? Hiyo si yangu. Hiyo ni ya Mama Mkasi, imepitia kwangu, imefika kwa mtoto ambaye hajamwona Mama Mkasi ila mara chache.

Nilisimama mlangoni nikichuruzika maji.

Mei 7

Asubuhi nikamuuliza taratibu. "Kwa nini ulimkatalia mwalimu?"

Akainua mabega. "Yule wa miwani anajua zaidi."

"Anajua nini?"

"Maneno. Na wewe ulisema ni vizuri."

"Nilisema lini?"

"Kwa simu, kwa mama mkubwa. Ulimpa mwenzako meza, mama mkubwa akasema una moyo. Nami nikatoa."

Alisema kwa fahari kidogo. Alikuwa anangoja nimsifu. Mungu wangu, alikuwa anangoja nimsifu!

Nilimkumbatia ili asinione uso.

Mei 10

Nimekwenda kwa Mama Mkasi, na mwanangu nimekwenda naye. Nilikibeba kile kibao kwenye mfuko. Chumba chake kimejaa masanduku yaliyofungwa kamba. Yeye alikuwa kitandani, mguu juu ya mto.

Baada ya salamu na pole nikasema, "Mama, nimekuja kurudisha neno langu."

"Meza imeshatoka mkononi mwangu. Na yule msichana ataiweza."

"Najua. Sikuifuata meza. Uliniuliza umwachie nani, nikakujibu uongo. Niliitaka. Naiweza. Nilitaka nikuambie hivyo mbele ya huyu mtoto, maana yeye alinisikia nikisema yale mengine."

Mwanangu alinitazama kama mtu mgeni.

Nikatoa kibao nikakiweka juu ya shuka. Na hapo hasira yangu ikatoka, sikuweza kuishika. "Uliniona nimepinda miaka yote hii, mama! Uliniambia 'tena, tena.' Neno moja tu hukuweza kuniambia? Simama wima?"

Alikigusa kibao kwa kiganja. Alikaa kimya, na safari hii haukuwa ule ukimya wake ninaouiga.

"Nilidhani unanidhihaki," akasema.

"Nini?"

"Ulipoanza. Msichana mzuri, miguu yako sawa, unasimama kama kiwete mbele yangu, na wenzako wanacheka, wanakuita kivuli. Tangu shuleni watoto walinifuata nyuma wakitembea hivyo. Nikajisemea, ameanza na huyu. Nikameza. Baadaye nikaona unanifuata kwa kila kitu, hata chaki, nikasema labda ni mapenzi. Lakini nikuulize vipi? 'Mwanangu, unanipenda au unanicheka?' Neno hilo halikutoka. Kila ukisimama pale nilikuwa natazama kitambaa, nisikutazame wewe."

Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Nilikuwa nakupenda, mama. Nilitaka niwe wewe."

"Ulichukua kile ambacho mimi mwenyewe ningekitupa," akasema, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Hiki kibao ndicho nilichokitafuta kwa akili yangu. Hiki hukukiona."

"Ulikificha."

"Nilikificha, ndiyo. Nilikuwa na aibu nacho."

Tukakaa hivyo. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Mwanangu, ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia, akakisogelea kitanda, akauweka mkono wake ndani ya ule unyayo uliolika. "Ni laini," akasema.

Mama Mkasi akamwambia, "Kachukue stuli ile, bibi yangu, ukae. Usisimame hivyo. Utaumia nyonga."

Mei 11

Mvua imekuwa nyembamba. Nimelala mchana.

Mei 15

Mama Mkasi ameondoka. Hakutaka kuagwa na umati. Kibao amekichukua. Mzee wa pasi alimbebea masanduku, na alipokuja kusimama tena kwenye pasi yake hakutania mtu kutwa nzima.

Mwepesi ana maagizo ya sare za shule mpaka juu ya kichwa. Nimemwambia, "Nusu nikate mimi." Amenitazama, akatazama miguu yangu, akasogea upande mmoja wa meza. Tumekata tukiwa tumeelekeana. Vipande vyangu vimetoka sawa, ila mara moja nilisahau na nyonga ikaondoka, nikaharibu kipande. Nikasema kwa sauti, "Nimekosea." Hakuna paa lililoanguka.

Mei 18

Siku ya kufunga shule. Jua kali, matope yameanza kukauka na kupasuka. Wazazi tumesimama upande wa nyuma wa ukumbi, viti havikutosha.

Yule wa miwani alisema mbele. Alisema vizuri, nisiwe mwongo. Mwanangu alikuwa mstari wa mwisho wa kwaya, kichwa tu kikionekana, na sauti yake niliitambua katikati ya sauti zote. Hakuna aliyegeuka kumtafuta mwenye sauti ile ila mimi. Nafasi ile ilikuwa yake, nami nimechangia kuipoteza, na sitaifuta kwa kuandika. Njiani tulipokuja aliniambia muhula ujao atanyoosha mkono. Nikamwambia sawa. Sikumwambia zaidi, maana maneno yangu amekwisha kuyasikia ya kutosha.

Wimbo wa mwisho watoto walijipanga safu moja mbele, wote waonekane. Nikamwona mzima. Alikuwa ameegemea upande wa kushoto, bega chini, vilevile. Nilitaka kumfanyia ishara kwa mkono. Kisha nikahisi nyonga yangu mwenyewe. Ilikuwa imetoka. Nilikuwa nimesimama palepale nyuma, katikati ya wazazi, nimepinda kama kawaida yangu.

Nikaishusha miguu yote miwili. Nikanyooka.

Alikuwa ananitafuta kwa macho kama watoto wote wanavyotafuta. Akanipata. Akanitazama usoni, halafu akanitazama mpaka chini, polepole, na akiendelea kuimba naye akasimama wima.